Kikongwe Kwenye Meza ya Redempta

Redempta Kiula hutengeneza meno. Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya nyumba yake huko Mandewa, mjini Singida, na kliniki tatu za mjini humletea vipimo vya midomo ya watu: wazee waliobakiwa na magego mawili, vijana walioanguka na pikipiki, bibi harusi aliyevunjika jino la mbele wiki moja kabla ya ndoa. Ni mjane wa miaka arobaini na saba, mrefu, si msemaji sana. Watoto wake wawili wanajitegemea mikoa mingine. Nyumbani wamebaki yeye na mama yake, Esta, ambaye mwakani atatimiza miaka themanini.

Miaka minane iliyopita Redempta alipelekwa Jamhuri ya Czech kwa miezi mitatu kujifunza meno ya kauri. Mwalimu wao huko, mama mmoja mtu mzima, alikuwa na desturi iliyomshangaza. Kila Jumamosi alitoa burashi zilezile za kupakia rangi meno, akakaa dirishani kupaka rangi vijisanamu vya watu, kila kimoja kirefu kama pingili ya kidole gumba. Mchana waliitwa wanafunzi mezani na vijisanamu vile vikapigana vita. Redempta alikaribishwa mara moja kwa heshima tu, kwa kuwa alikuwa mgeni na nje kulikuwa na theluji. Jumamosi iliyofuata alikwenda bila kuitwa. Aliporudi Singida, katika sanduku lake kulikuwa na kitabu cha kanuni za mchezo na burashi mbili nyembamba kama unywele.

Mchezo wenyewe uko hivi. Ni karne ya kumi na nane, katika kijiji cha milimani, Ulaya ya mashariki. Watu wanakufa na damu yao haipo. Upande mmoja ni wawindaji, waliovaa makoti marefu na kofia za pembe tatu, wenye magobori yanayojazwa baruti mdomoni. Upande wa pili ni wanyonya damu, wakiongozwa na bwana wao anayeitwa Kabaila. Kila mchezaji huchagua watu wake kabla ya siku ya mchezo. Kila kijisanamu kina thamani yake kwa pointi, na jumla haitakiwi kuzidi mia moja. Ukishachagua, umechagua, siku ya mchezo huwezi kusema ungependa mwingine. Kwa hiyo nusu ya mchezo huchezwa kwa kalamu na karatasi, kabla dadu halijarushwa.

Singida hakuna duka la vijisanamu. Redempta huvitengeneza mwenyewe, kwa namna anavyotengeneza meno. Anachonga mtu kwa nta juu ya taa ya spiriti, anamfunika kwa plasta, anayeyusha nta itoke, halafu mahali pake anajaza akriliki, ileile inayotengenezewa fizi za bandia. Ndiyo maana watu wake wote huzaliwa na rangi ya fizi. Askari wa waridi, kasisi wa waridi, farasi wa waridi. Ukiingia karakana yake siku ya Jumapili unaweza kucheka, mpaka awapake rangi. Hapo hucheki tena, maana kila mmoja ana uso wake.

Wachezaji wenzake ni wawili. Nathan anatengeneza kompyuta Dodoma. Janeth ni mfamasia huko Manyoni. Walikutana kwenye kundi la simu la watu wanaopenda michezo ya mezani, na mara mbili au tatu kwa mwaka hukutana nyumbani kwa mmoja wao. Mwaka huu, mwezi wa saba, zamu ilikuwa ya Redempta. Mwenyeji ndiye anayeandaa meza yote, maadui wakiwemo.

Majuma matatu kabla, Nathan, ambaye angecheza upande wa wanyonya damu, alituma orodha ya maadui aliowataka: Kabaila, mbwa mwitu wawili, maiti sita wanaotembea, na kikongwe mchawi mmoja. Redempta aliisoma akiwa barazani, siku ya Jumapili baada ya misa. Akaisoma mara ya pili, halafu akageuza simu kifudifudi juu ya meza.

Akaanza na upande wake, wawindaji. Mama yake alikuwa mkekani akichambua choroko, akizileta karibu na pua kama anazinusa.

"Unaandika nini na leo ni Jumapili?" Esta aliuliza.

"Nachagua watu, mama."

"Wa kamati ya kanisa?"

"Wa mchezo wangu."

"Aa, vile vidoli vyako." Akaendelea na choroko zake. Baada ya kitambo akasema, "Chagua wenye akili. Wenye nguvu wanapatikana popote."

Redempta alitabasamu, lakini neno lile lilibaki. Kasisi alikuwa na pointi ishirini na tano, na Janeth, naye wa upande wa wawindaji, alikwisha kutuma ujumbe kwamba kasisi ni wake. Mwindaji mwenye mbwa, ishirini. Askari, kumi na tano. Mchimba makaburi na mjane mwenye taa walikuwa kumi kila mmoja. Halafu kulikuwa na daktari. Daktari alikuwa na pointi thelathini, na wachezaji wote waliona ni hasara. Hana silaha ila mkoba. Anatembea polepole. Kazi yake ni moja: akikaa kando ya mtu kwa zamu mbili, anarusha dadu, na linaweza kuthibitisha kama mtu huyo ni mnyonya damu au mchawi kweli, au ni binadamu wa kawaida.

Nyuma ya kitabu cha kanuni kulikuwa na kurasa mbili za historia, na Redempta alikuwa amezisoma mara nyingi. Zilieleza kwamba katika karne ile watu walifukua makaburi kwelikweli na kuwachoma marehemu wao, kwa sababu waliwakuta hawajaoza na midomo ina damu. Mwaka 1755 malkia wa Austria akamtuma daktari wake akachunguze. Daktari akaandika kwamba ni ujinga mtupu, kwamba udongo wa baridi huchelewesha kuoza. Malkia akapiga marufuku kuwafukua wafu. Redempta alimpenda sana mtu yule. Hakuwa na upanga, alikuwa na karatasi.

Akaandika: daktari thelathini, askari wawili thelathini, mwenye mbwa ishirini, mchimba makaburi kumi, mjane mwenye taa kumi. Mia moja kamili.

Kwa majuma mawili alitengeneza jioni, kazi za wateja zikishaisha. Daktari alimpa miwani na uso wa mtu aliyelala vibaya. Askari mmoja alimfanya mnene, vifungo vya koti vikimbana. Kabaila alimtia shida kidogo, kwa sababu kwenye picha ya kitabu alikuwa na meno marefu kupita kidevu. Redempta alijaribu, akaacha. Mtu mwenye meno yale hawezi kufunga mdomo, alijiambia. Angekuwa anadondosha mate karne nzima. Akampa meno mawili mafupi, makali, yaliyokaa sawasawa kwenye fizi, na Kabaila akawa wa kutisha kuliko wa kitabuni.

Akabaki kikongwe.

Alimpigia simu Nathan. "Nathan, huyu kikongwe hatuwezi kumwacha? Nikuwekee mbwa mwitu wa tatu?"

"Dada Redempta, bila kikongwe hadithi inakufa," Nathan alisema. "Yeye ndiye anayempa Kabaila nguvu. Wawindaji wakimchoma kibandani mwake, Kabaila anakufa kwa risasi kama mtu yeyote. Wasipomchoma, kila wakimwangusha anainuka tena. Kwani ni mgumu kuchonga?"

"Si mgumu."

"Basi nitengenezee dada yangu. Na macho yawe mekundu, kama kwenye kitabu."

Redempta hakueleza. Angeanzia wapi? Mwaka 1988, alipokuwa na miaka kumi na mmoja na anasoma kwa shangazi yake Kiomboi, wazazi wake walikuwa wakulima katika kijiji kimoja cha Mkalama. Esta alikuwa na ugonjwa wa vikope tangu utoto, na moshi wa kuni ulimmalizia. Macho yake yalikuwa mekundu masika na kiangazi. Mwaka ule watoto watatu wa kijijini walikufa ndani ya mwezi mmoja. Watu wakatafuta sababu, wakaona macho, wakasema ni mchawi. Redempta alipofunga shule alikuta wazazi wake hawako tena kijijini, wamehamia Mwankoko, nje kidogo ya Singida mjini, katika chumba cha kupanga. Baba yake alimweleza kwa maneno machache, akamkataza kumuuliza mama. Baadaye wakasikia nyumba waliyoiacha imechomwa. Baba alikufa bila kuongeza neno, na Redempta hakuuliza kamwe. Esta alitibiwa macho baadaye, akafanyiwa upasuaji, anaona vizuri kiasi chake. Wekundu haukuisha.

Basi alimchonga kikongwe kwa haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Mgongo uliopinda, fimbo, kitambaa kichwani. Kwanza alimpaka macho ya kahawia. Halafu akakumbuka kwamba mgeni ameomba na mwenyeji amekubali, akachovya burashi kwenye rangi nyekundu. Nukta mbili, ndogo kuliko mbegu ya ufuta. Akamfunika kwa bakuli la kukorogea plasta na kutoka nje kunawa.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi alikwenda kupeleka meno kliniki, na huko akachelewa kwa sababu mzee mmoja alikataa kuondoka mpaka ajaribu kutafuna mahindi ya kuchoma mbele ya kila mtu. Aliporudi saa nane mchana alikuta mlango wa karakana uko wazi. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kazi, na vijisanamu vyote vimepangwa mezani, mstari mmoja. Bakuli lilikuwa limefunuliwa. Kikongwe alikuwa mkononi mwa Esta.

"Shikamoo mama," Redempta alisema.

"Marahaba. Nilikuja kutafuta mkasi." Esta alimleta kikongwe karibu na uso. "Huyu ni nani?"

"Ni... ni wa mchezo, mama. Wageni ndio wamemtaka. Nitamwondoa."

"Nimekuuliza ni nani, sijasema umwondoe."

"Ni mchawi. Katika hadithi yao."

"Na hawa wenye bunduki wanakuja kumfanya nini?"

Redempta alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. "Wanakuja kumchoma."

Nje jogoo wa jirani alikuwa anakimbizana na mtu. Redempta alisubiri mama yake alie, au ainuke aondoke, na alikuwa tayari kwa yote mawili. Esta akamgeuza kikongwe, akamtazama kwa nyuma.

"Mbona mmemfanya mzee?" alisema. "Mimi sikuwa mzee. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu. Nilikuwa nabeba debe la maji kichwani na sishiki kwa mkono."

"Mama..."

"Na fimbo haishikwi hivi. Ukiishika hivi unaanguka." Akamweka mezani. "Baba yako alikwambia nini?"

"Kwamba walikuja, mkahama."

"Hakukwambia habari ya Theodora?"

"Theodora ni nani?"

Esta alicheka kidogo, cheko ambalo halikuwa la furaha sana wala la uchungu. "Angekwambia vipi, na yeye hakuwepo. Alikuwa shambani. Theodora alikuwa jirani yetu. Mwanamke mgomvi, sijapata kuona. Tuligombana mpaka wa shamba, tukagombana kisima, tukagombana watoto. Mwaka mzima hatukusalimiana. Basi siku ile niko ndani, asubuhi kweupe, nikasikia watu uani. Nikachungulia. Wanaume kama kumi na tano, na wengine nimewapikia uji wakiwa wadogo. Mmoja ana kijinga cha moto. Nikasema, haya, ndiyo leo. Nikakaa chini."

Aliokota mjane mwenye taa, akamweka karibu na kikongwe, akamrudisha mahali pake.

"Nikasikia sauti ya Theodora. Amepita katikati yao, amekuja kusimama mlangoni kwangu, mgongo kwangu, uso kwao. Ana mtoto mgongoni na mwiko wa ugali mkononi, una ugali bado. Mlango wote umejaa yeye, maana alikuwa mnene. Anawaambia, 'Mnatafuta macho mekundu? Haya yangu. Nimetoka jikoni sasa hivi. Mnataka ya nani mwingine, ya mama zenu?' Wakamwambia atoke. Akasema hatoki. Wakasukumana, wakabishana, jua likawa kali. Hatoki. Mwishowe wakaanza kuondoka mmojammoja, kama watu waliosahau kitu nyumbani."

"Halafu?"

"Halafu naye akaenda zake. Hakugeuka kunitazama. Siku ya tatu tukahama." Esta alijifuta macho kwa ncha ya kanga, kama anavyojifuta kila siku. "Sikumshukuru. Nilikuwa nimemkasirikia, unajua? Kwamba ni yeye, na si wale niliowaita rafiki."

Redempta alitaka kumshika mama yake mkono, lakini kwao hawakuzoea hivyo. Akainuka akamletea maji ya kunywa. Esta alikunywa yote, akarudisha kikombe.

"Kwenye karatasi yako ya kuchagua," alisema, "yumo mtu kama yule?"

Redempta alikifahamu kitabu chote kwa moyo. Walikuwemo watu arobaini na wawili, wenye panga, misalaba, mbwa na vitunguu saumu. "Hayumo, mama."

"Basi hawajui kuchagua," Esta alisema.

Jioni ile Redempta aliwasha taa ya spiriti, na kwa mara ya kwanza mama yake akakaa karibu naye kuangalia kazi. Alikuwa msimamizi mkali kuliko mwalimu yeyote.

"Mnene zaidi."

"Hivi?"

"Ongeza hapa kiunoni. Amezaa watoto saba, huyo. Na mwiko wake mrefu, wa kusongea ugali wa mtama, si kijiko cha chai."

"Uso wake ulikuwaje?"

Esta alifikiri sana. "Kama mtu aliyekatizwa kazi."

Ijumaa alimpaka rangi. Kanga ya njano, mtoto mgongoni akiwa kichwa tu na mguu mmoja. Macho yake akayapaka mekundu, kwa burashi ileile.

Nathan na Janeth walifika Jumamosi kabla ya saa nne. Meza ya sebuleni ilikuwa imegeuka kijiji. Vilima vilikuwa mawe halisi yaliyookotwa pembeni ya ziwa Kindai, miti ilikuwa vijiti vikavu vya mikwaju, na juu ya yote Redempta alikuwa amechekecha unga wa plasta nyeupe kuwa theluji. Nathan alizunguka meza mara mbili. Alimsifu Kabaila, akawasifu mbwa mwitu. Halafu akainama kwenye kibanda cha kikongwe.

"Dada, na huyu mwenye mwiko? Simkumbuki kitabuni."

"Hayumo kitabuni."

"Ana pointi ngapi?"

"Sijui," Redempta alisema. "Mama ndiye amemchagua. Muulize yeye."

Esta alikuwa ameketi kwenye kochi, amevaa gauni lake la kanisani kwa ajili ya wageni. Janeth na Nathan walikuwa wamekwisha kumwamkia. Nathan akamgeukia kwa adabu. "Bibi, huyu mama anapiganaje?"

"Hapigani," Esta alisema. "Anasimama mlangoni."

"Anasimama tu?"

"Anasimama. Mpaka waondoke."

Nathan alimtazama Redempta, akamtazama kikongwe na macho yake, akamtazama bibi kwenye kochi. Ni mtu mwepesi wa maneno, lakini si mjinga. Alivua miwani akaifuta na shati, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Dada, ungeniambia," alisema kwa sauti ya chini.

"Ningekwambia nini? Wewe uliomba mchezo. Tucheze."

Janeth ndiye aliyetafuta kanuni. Aliandika nyuma ya boksi la dawa: huyu mama akiwa mlangoni, hakuna mwenye silaha wala moto anayeweza kupita. Hapigwi. Pointi zake ni sifuri, kwa sababu hakuna upande uliomnunua. "Maana yake," Janeth alisema, "amenifungia mlango mimi. Kasisi wangu ndiye mwenye mwenge."

"Ndiyo," alisema Redempta.

"Haya. Twende."

Walicheza zamu nane, kama kitabu kinavyotaka. Esta alifuata yote kwa makini. Mwenye mbwa alikufa mapema, darajani, na mchimba makaburi akakimbia kwa sababu dadu lilisema hivyo. Askari mnene alijitahidi kuliko ilivyotarajiwa. Kasisi wa Janeth alifika kwenye kibanda zamu ya nne akiwa na mwenge, akamkuta mwenye mwiko, akasimama. Zamu ya tano akawa bado amesimama. Nyuma yake, polepole, mkoba mkononi, alikuwa anakuja daktari.

Daktari hana silaha. Walisoma kanuni ya Janeth mara mbili kuhakikisha. Akapita. Akakaa ndani ya kibanda zamu ya sita na zamu ya saba, huku nje Kabaila akiangushwa na kuinuka, akiangushwa na kuinuka. Redempta akachukua dadu. Alihitaji tano au sita.

"Mpe mama arushe," Janeth alisema.

Esta alilishika dadu kama anavyoshika choroko, akaliangalia, akaliachia juu ya theluji. Sita.

"Ni binadamu," Nathan alisema. Akanyoosha mkono akamtoa kikongwe kwenye watu wake, akamweka upande wa wanakijiji, kwa uangalifu, kama ametengenezwa kwa ganda la yai.

Wawindaji walishindwa. Kwa kuwa hakuna aliyechomwa, Kabaila aliinuka kwa mara ya tatu katika zamu ya nane, akavuka uwanja wa kanisa, na kijiji kikawa chake. Nathan alihesabu na kuhesabu tena, akaona hana namna ila kushinda.

"Nani ameshinda?" Esta aliuliza.

"Mimi, bibi. Nisamehe."

"Unaomba msamaha wa nini? Umeshinda. Redempta, wape watoto wa watu chakula."

Walikula kuku wa kienyeji na ugali wa mtama na mlenda. Nathan aliuliza habari za Mkalama, na Esta, ambaye kwa miaka thelathini na sita hakuitaja, akamweleza habari za mtama, na visima, na jinsi simba walivyokuwa wakisikika upande wa bonde la Wembere alipokuwa msichana. Jambo la mlangoni hakulisema. Wageni walipoondoka alasiri, aliwasindikiza mpaka barabarani, kisha akasimama pale na Redempta.

"Nataka kwenda kumwona Theodora," alisema. "Kama yupo."

Yupo. Ilichukua majuma mawili ya kupigapiga simu, kwa shemasi mmoja, kwa binamu, kwa mjukuu wa mtu. Jumamosi ya tatu walikodi gari dogo, wakapita Iguguno, wakaiacha lami. Esta alikaa mbele, mkoba mapajani, akitaja majina ya vilima kabla havijaonekana.

Theodora hakuwa mnene tena. Alikuwa kizee chembamba kwenye kigoda, kando ya rundo la vichwa vya alizeti, akivipiga kwa fimbo mbegu zitoke. Mkwe wake alimwambia wageni ni nani. Alisimamisha fimbo.

"Esta," alisema. "Umezeeka."

"Na wewe hujazeeka?"

Walisalimiana kwa Kinyiramba, salamu ndefu, za nyumba na mifugo na marehemu. Redempta alikaa pembeni. Halafu Esta akaweka mkoba chini, akasema alilokuja kulisema: kwamba siku ile mlangoni Theodora alimwokoa, na yeye hakumshukuru, na amekuja kushukuru.

Theodora alikunja uso. "Siku gani?"

"Siku waliyokuja na moto. Ukasimama mlangoni na mwiko."

"Aa! Siku ile." Akafikiri. "Lakini mimi nilikuja kukugombeza. Mbuzi wako alikuwa ameingia bustanini akamaliza mboga zangu. Nikakuta wanaume wamejaa uani kwako. Nikasema ngoja nisimame hapa, wakiondoka nitakusema. Hawakuondoka haraka. Halafu wakanitukana, nikaudhika."

"Sikuwa na mbuzi mwaka ule," Esta alisema.

"Ulikuwa naye. Mweusi, sikio limekatika."

"Yule tulimuuza kabla ya masika!"

"Hamkumuuza. Nilimwona kwa macho yangu."

Mkwe alileta chai. Waliendelea kubishana habari ya mbuzi mpaka vikombe vikawa vitupu, na Redempta, aliyekuja amejiandaa kwa machozi, alijikuta anatazama alizeti ili asicheke. Mwishowe Esta alishusha pumzi.

"Haya," alisema. "Samahani kwa mboga."

"Haya," Theodora alisema. Akasogea kwenye kigoda, akampa Esta fimbo ya pili. "Piga upande ule. Mbegu zinabaki pale katikati."

Jua lilipoanza kuelekea Wembere, dereva akapiga honi. Esta hakuinuka. Alimwita Redempta, akamwelekeza dawa zake za presha ziko mfuko gani wa mkoba, amwonyeshe mkwe wa Theodora namna ya kumpa.

"Hurudi, mama?"

"Nitarudi. Wewe nenda, una meno ya watu."

Alikaa siku tisa.